Tarehe ya Vyombo vya Nyumbani Katika Rufiji

Wenye kuandika tarehe aghalabu huandika habari za wafalme, vita na mikataba. Ni wachache walioandika habari za chungu. Lakini lau msomaji atafikiri kidogo, ataona kwamba chungu, mtungi, kata na mkeka vimekaa na binadamu karibu zaidi kuliko mfalme yeyote, kwani vyombo hivyo ndivyo vilivyomfikishia chakula na maji mpaka kinywani. Katika makala hii nakusudia kueleza jinsi vyombo vya nyumbani vilivyobadilika huku kwetu Mbwara na katika Rufiji kwa jumla, plastiki ilizaliwa wapi na kwa sababu gani, na kwa nini wataalamu wa zama hizi wanatutaka tukitazame upya chombo tunachopakulia uji wa moto.

Tuanze na udongo. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba mahali paitwapo Mkukutu, karibu na Kibiti, na mwaka 1999 akatangaza kupatikana kwa shanga za kioo ambazo yeye alizihesabu kuwa za Kirumi. Basi watu wa nchi hii walikuwa na vyungu vyao na biashara yao tangu zama za kale mno. Kiko kitabu cha safari za bahari, Periplus, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza baada ya Nabii Isa (a.s.), ambacho kinataja bandari ya Rhapta katika pwani yetu. Wengine katika wanavyuoni wa mambo ya kale wanasema bandari hiyo ilikuwa katika delta ya Rufiji. Bidhaa zilizotoka huko, kwa maelezo ya kitabu hicho, zilikuwa pembe za ndovu kwa wingi, pembe za kifaru, na magamba ya kasa. Namwomba msomaji azikumbuke bidhaa hizo tatu, kwani tutazihitaji huko mbele.

Sisi tulio katika miaka ya sitini leo tumewahi kuviona vyombo vya zamani vikitumika, si kwa kusimuliwa. Mama zetu waliufuata udongo bondeni, wakauponda, wakauchagua mawe, wakaukanda na kuufinyanga kwa mkono bila ya gurudumu, wakavianika vyungu kivulini siku kadhaa, kisha wakavichoma kwa kuni na magome. Chungu kipya hakikupikiwa mboga siku hiyo hiyo. Kilipikiwa kwanza uji mwepesi, nao ukamwagwa, ili matundu yake yazibe. Mtungi wa maji uliwekwa pembeni mwa nyumba juu ya mchanga, na kwa kuwa unavuja jasho, maji yake yalikuwa baridi hata mwezi wa Januari. Maji yalitekwa kwa kata ya kifuu. Tui lilichujwa kwa kifumbu kilichosukwa. Wali ulipakuliwa kwa mwiko wa mti, ukafunikwa kwa kawa la ukili. Watu walilala juu ya mkeka wa ukindu au milala, na wanawake wa Rufiji walisifika kwa kuitia mikeka rangi. Hata chungu kikivunjika hakikuwa na hasara kamili, maana kigae chake kilitumika kuchukulia kaa la moto kutoka kwa jirani. Kikizeeka kabisa kilirejea kuwa udongo, na mkeka ukawa mbolea.

Wala asidhani mtu kwamba kuangalia chombo ni jambo jipya au ni jambo la wanawake peke yao. Katika Hadithi Sahihi tumesoma jinsi Mtume (s.a.w.) alivyowakataza wajumbe wa kabila la Abdul-Qays kutengeneza vinywaji vyao katika vyombo vya namna nne, kikiwemo kibuyu na chombo kilichopakwa lami, kwa kuwa kinywaji huchacha humo upesi kikawa kileo, na baadaye ruhusa ya vyombo ikatolewa kwa sharti la kuepuka kila chenye kulevya. Tumesoma pia amri ya kufunika vyombo usiku. Na katika karne ya 12, zama za Sultani Salahuddin, mwanachuoni wa Sham aitwaye Abdur-Rahman bin Nasr ash-Shayzari aliandika kitabu cha kazi ya muhtasib, yaani msimamizi wa soko. Humo alitaka hata kikaango cha muuza zalabia kiwe cha shaba nyekundu iliyo nzuri, akaeleza kinavyosafishwa kabla hakijatiwa mafuta. Kwa hivyo watu wa kale walielewa kwamba chombo huacha kitu katika chakula, ijapokuwa hawakuwa na darubini.

Sasa tuingie katika plastiki. Katika karne ya 19 pembe za ndovu za Afrika ya Mashariki zilikuwa zikipita Kilwa, Bagamoyo na Unguja kwenda Ulaya, Bara Hindi na Marekani. Huko Marekani zilichongwa vibao vya piano, vitana, na mipira ya mchezo uitwao biliadi. Ndovu waliuawa kwa maelfu, na wapagazi wakateseka njiani kwa mizigo hiyo, na hiyo ni tarehe ya aibu ambayo mahali pake si hapa. Bei ilipopanda na watu wakahofu pembe zitakwisha, kampuni moja ya New York ilitangaza mwaka 1863 zawadi ya dola 10,000 kwa atakayebuni kitu cha kushika mahali pa pembe. Mmoja katika waliojaribu alikuwa mchapaji aitwaye John Wesley Hyatt, aliyepata seluloidi, na mwaka 1870 akapewa hati ya ugunduzi. Seluloidi haikufaulu sana katika mipira, lakini ilifaulu katika vitana, vishikizo na mishikio ya visu, yaani ikashika nafasi ya pembe na ya magamba ya kasa. Bidhaa zilezile za Rhapta! Waliokuja kununua kwetu ndio waliotengeneza badala yake, na badala hiyo ikaturejea sisi kama bidhaa ya dukani.

Ilikuwa hivyo pia kwa sandarusi, utomvu uliochimbwa ardhini katika misitu ya pwani, Rufiji ikiwemo, ukapelekwa Salem na Hamburg kutengenezwa vanishi. Mwaka 1907 Leo Baekeland alitengeneza bakelaiti, plastiki ya mwanzo isiyotoka katika mti wala mnyama. Vanishi za viwandani zikaja baadaye zikaimaliza biashara ya sandarusi. Mwaka 1933 wanakemia wa Kiingereza wakapata polithini kwa bahati, ambayo ndiyo mifuko na madumu yetu, na mwaka 1954 Giulio Natta wa Italia akatengeneza polipropilini, ambayo leo ni mabakuli na chupa za watoto.

Ndoo ya plastiki ilipofika vijijini, wanawake waliipokea kwa furaha, na mimi siwalaumu. Mtungi uliojaa ni mzigo mzito hata kwa mtu mzima, na msichana akijikwaa njiani utavunjika, naye atarudi nyumbani akilia. Ndoo haivunjiki. Dumu la mafuta ya kupikia likiisha linachotea maji miaka mitatu. Atakayesema kwamba watu waliiacha kazi ya mababu kwa ujinga, huyo hakuwahi kubeba mtungi kichwani akapanda nao mlima.

Lakini plastiki haiozi kama kawa. Inavunjika tu, ikawa vipande, na vipande vikawa unga. Mwaka 2004 mtaalamu wa Kiingereza Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth alizipa chembe hizo jina, na leo zinaitwa maikroplastiki, yaani kila kipande kilicho chini ya milimita 5, hadi vile visivyoonekana kwa jicho. Mwaka 2016 zilitangazwa habari za sangara na sato walionunuliwa Mwanza: katika kila samaki mia wa kila aina, kiasi cha ishirini walikutwa na plastiki tumboni. Mtu atasema tumbo la sato hutupwa. Ni kweli, lakini dagaa na uduvi tunawala wazima.

Hata hivyo mimi naona hofu ya watu imeelekezwa zaidi baharini, ilhali jambo lililo karibu ni jikoni. Wataalamu wa Chuo cha Trinity, Dublin, walipima mwaka 2020 chupa za watoto za polipropilini wakaona zinaweza kutoa chembe hadi milioni 16 katika lita moja. Na joto ndilo lililozidisha: maji ya nyuzi 25 yalitoa chembe kiasi cha laki 6 kwa lita, na maji ya nyuzi 95 yakatoa milioni 55. Mwaka 2019 watu wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walichovya kifuko kimoja cha chai cha plastiki katika maji yanayokaribia kuchemka, wakahesabu chembe zaidi ya bilioni 11. Sisi tunaotia majani ya chai ndani ya sufuria tumesalimika na hilo, alhamdulillahi. Hata maji ya chupa, ambayo mjini huonekana ndiyo safi kupita yote, yalipimwa Marekani mwaka 2024 yakakutwa na chembe 240,000 kwa lita kwa wastani.

Je, zinadhuru? Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba dalili hazijatosha kukata hukumu, likataka uchunguzi uendelee. Mwaka 2022 Waholanzi walizikuta katika damu ya watu 17 kati ya 22. Mwaka 2024 madaktari wa Italia waliwachunguza wagonjwa 257 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya shingo. Wale waliokutwa na chembe ndani ya mafuta yaliyoganda katika mishipa walipatwa na maradhi ya moyo, kiharusi au mauti mara nne na nusu zaidi ya wenzao katika miezi kama 34. Hilo si thibitisho kwamba plastiki ndiyo iliyowaua. Lakini mtu mwenye akili akiambiwa huenda kuna nge ndani ya kiatu, hukikung'uta kwanza.

Serikali zimefanya lililo katika uwezo wa sheria. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania Bara mifuko ya kubebea ilikatazwa tarehe 1 Juni 2019. Sheria, hata hivyo, haiingii jikoni kumwona mpishi wa hitima akifunika sinia la wali unaotoa moshi kwa karatasi ya nailoni, wala kumwona mama akimiminia mtoto uji unaochemka katika kikombe cha plastiki. Wengine huwasha jiko la mkaa kwa kipande cha ndoo iliyovunjika, na moshi wake wa sumu wanauvuta wao na watoto wao.

Penye moto, penye kukwaruza na penye jua kali, ndipo plastiki inapomeguka zaidi. Basi si lazima mtu atupe ndoo zake zote leo, na wengi wetu hatuna uwezo huo. Uji na upozwe katika sufuria ya chuma au bakuli la kauri au la bati lenye rangi ya kuchomwa, ndipo umiminwe, na mtoto anyweshwe kwa kikombe na kijiko badala ya chupa. Supu na chipsi zisitiwe katika mfuko zikiwa na moto. Wali ufunikwe kwa kawa, au kwa mfuniko wa sufuria, au kwa sinia. Kifumbu bado kinasukika, na tui lake halina upungufu wowote. Ndoo isisuguliwe kwa mchanga wala kwa steli wulu, isiachwe juani mchana kutwa. Na ile ambayo ukiikwaruza kwa ukucha inatoa unga mweupe, hiyo ifanywe ya kubebea mchanga au kupandia mchicha wa kuuza mbegu, si ya maji ya kunywa. Kukata mboga mkononi, kama wafanyavyo wanawake wetu, ni bora kuliko ule ubao wa plastiki unaouzwa mjini, ambao kila kisu kinapopita unaacha vumbi lake katika kitunguu.

Maji ya kisima ya sehemu nyingi ni magumu, yanaacha ukoko mweupe ndani ya birika. Ukoko huo una faida. Wataalamu wa Guangzhou, China, walionyesha mwaka 2024 kwamba maji magumu yakichemshwa, chokaa yake hushikana na chembe za plastiki zikaganda pamoja, na yakiachwa yatulie kisha yakachujwa, hupungua hadi asilimia 90. Maji laini hayapati faida kubwa namna hiyo. Kuchemsha tulikuwa tunakufanya kwa ajili ya kipindupindu. Basi tuongeze kutuliza na kuchuja kwa kitambaa safi cha pamba, kisha maji yatiwe mtungini.

Lipo jambo moja lisisahauliwe na wapenzi wa vya kale. Si kila kisicho plastiki ni salama. Sufuria zinazosubiwa mitaani kwa kuyeyusha mabaki ya vyuma zilipimwa kutoka nchi kadhaa, Kenya na Tanzania zikiwemo, na baadhi yake zikakutwa zikitoa risasi katika chakula chenye ukali kama ndimu au nyanya, na madhara ya risasi kwa ubongo wa mtoto hayana shaka yoyote. Chungu chetu kisichopakwa rangi ya kung'aa hakina tatizo hilo.

Na misikitini mwetu, mikeka ya nailoni imeenea kwa sababu ni rahisi kuosha. Inapochakaa nyuzi zake hukatika zikaingia katika vumbi, na vumbi hilo tunasujudu juu yake na kulivuta. Mkeka wa ukindu unamgharimu msusi siku nyingi za kazi, na bei yake ni zaidi ya ule wa kiwandani. Wasusi wazee bado wapo Rufiji, na wafinyanzi wachache pia, lakini wengi wao hawana mwanafunzi hata mmoja.