Nani Anasoma Uso wa Nani? Historia Fupi ya Picha za Hisia

Kila anayefanya kazi na vijana hapa kambini anazijua zile kadi sita: furaha, huzuni, hasira, woga, mshangao, kinyaa. Kijana anaonyeshwa uso, anaulizwa "huyu anajisikiaje?", jibu linaandikwa kwenye fomu. Kwa kijana mwenye ulemavu wa akili hiyo fomu si mchezo. Akikosa nyingi anaandikiwa "hatambui hisia za wengine", na hayo maneno yanamfuata. Kwenye kikundi cha ngoma hawamtaki, kwenye ushonaji wanaogopa ataleta fujo. Ndiyo maana nilitaka kujua hizi kadi zilianzia wapi.

Tuanze Ufaransa. Mwaka 1862 daktari anayeitwa Duchenne alitoa kitabu cha picha za nyuso. Nyingi ni za mzee mmoja asiye na meno, ambaye ngozi ya uso wake ilikuwa na ganzi. Duchenne alimgusisha vyuma vya umeme usoni, misuli ikajikunja, picha ikapigwa: huu ni woga, hii ni huzuni. Kumbe mzee mwenyewe wala haogopi wala hana huzuni. Ni umeme tu.

Kule Uingereza, Charles Darwin alichukua baadhi ya picha hizo akawaonyesha watu zaidi ya 20, wasomi, wake kwa waume, bila kuwaambia chochote. Picha nyingine karibu wote walikubaliana. Nyingine kila mtu alisema lake. Katika kitabu chake cha mwaka 1872 Darwin aliandika kwamba hata yeye, kama asingesoma maelezo kwanza, baadhi ya picha zingemchanganya vilevile. Huyo ni Darwin, jamani. Na hakuna aliyemjazia fomu.

Miaka hiyohiyo, palepale Uingereza, daktari John Langdon Down alikuwa anawapiga picha watu wenye ulemavu wa akili waliokaa katika taasisi ya Earlswood. Mwaka 1866 aliandika makala akiwapanga kwa sura zao. Kundi moja aliliita kwa jina la watu wa Mongolia, eti wanafanana nao. Jina hilo la dharau lilidumu karibu miaka 100. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake walionyesha kwamba chanzo ni kromosomu moja ya ziada, na mwaka 1965, baada ya Mongolia kuomba, Shirika la Afya Duniani likaacha kulitumia.

Hapo nataka tusimame kidogo. Hawa watu nyuso zao zilisomwa na kupewa majina miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuwauliza: na wewe, ukiangalia uso wa mwenzako, unaona nini?

Kadi zenyewe, hizi za hisia sita, zina deni kubwa kwa Mmarekani Paul Ekman. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikwenda Papua New Guinea kwa Wafore, watu ambao walikuwa hawajazoea sinema wala magazeti. Aliwasimulia kisa kifupi, kisha wachague picha inayolingana nacho. Watu wazima walichagua kati ya picha tatu, watoto kati ya mbili. Kisa cha woga kilikuwa hivi: mtu yuko peke yake nyumbani, hana kisu wala shoka, na nguruwe pori amesimama mlangoni. Mara nyingi Wafore walichagua kama Ekman alivyotarajia, ila woga na mshangao waliuchanganya. Matokeo yalichapishwa mwaka 1971. Mwaka 1976 Ekman na mwenzake Wallace Friesen wakatoa seti ya picha 110, nyeusi na nyeupe, zote za Wazungu. Seti hiyo ikasambaa kwenye vipimo vingi duniani.

Baadaye wakapimwa na wenye ulemavu wa akili. Wengi walipata alama za chini kuliko wenzao. Katika miaka ya 1990 Johannes Rojahn na wenzake walisema tatizo liko kwenye hisia zenyewe, si kwenye akili kwa jumla. Mwaka 2001 Derek Moore alipitia tafiti hizo akauliza swali ambalo hata mama yeyote hapa angeuliza: je, kipimo chenyewe ni kizito? Maana kijana anatakiwa kukumbuka swali, kulinganisha picha, kutafuta neno, na uso wenyewe umeganda, hausogei.

Moore alikuwa na sababu. Mwaka 1997 yeye, Peter Hobson na Anthony Lee waliwaonyesha watoto na vijana filamu ambazo mtu haonekani, ila doti za mwanga zilizo mwilini mwake zinazotembea gizani. Uso haupo kabisa. Hata hivyo vijana wenye ulemavu wa akili ambao hawakuwa na usonji walizungumzia hisia za yule mtu. Waliziona kwenye mwendo.

Sisemi hakuna tofauti. Tofauti ipo, na kuna vijana ambao kweli wanahitaji kufundishwa taratibu. Lakini angalieni woga. Wafore waliuchanganya na mshangao, wataalamu wakasema ni utamaduni. Mwaka 2016 Carlos Crivelli na wenzake walichapisha kwamba vijana wa visiwa vya Trobriand wakiona ule uso wa woga, wanaona mtu anayetishia. Hiyo nayo ikaitwa utamaduni. Kijana wetu mwenye ulemavu akikosa kadi ileile, inaitwa upungufu. Kosa moja, majina mawili.

Na lugha je? Nyumbani kijana anaongea Kibembe au Kifuliiru, kwenye kipimo anaulizwa kwa Kiswahili. Kwenye kadi ya huzuni nimesikia kijana akijibu "amenuna". Kwenye fomu ni kosa. Lakini mtu aliyenuna ana jambo na mtu fulani, na anataka lionekane. Hilo ni jibu pana kuliko neno huzuni. Mwingine kwenye kadi ya hasira alisema "atapiga". Hakutaja hisia, alitaja kinachofuata. Aliyekulia mahali pa vita anasoma uso ili ajue kama akimbie, si ili aupe jina. Wengine wanainamisha macho tu, kwa sababu tumewalea hivyo: mkubwa hakodolewi macho.

Basi ndugu zangu mnaoshika hizo kadi, naomba mambo matatu. Andika maneno ya kijana kama alivyoyasema, si tiki na mkasi tu. Muulize pia "kimetokea nini?" na "wewe ungefanyaje?" Halafu mwangalie akiwa na watu halisi, kwenye bomba la maji, kwenye mpira, mtoto anapoanguka: nani anageuka kwanza? Ukiwa umeona hayo yote ndipo ujaze fomu. Hiyo karatasi inafungua mlango au inaufunga, na yeye hawezi kuisoma ajue umeandika nini.