Bwawa, Klabu na Mwalimu: Chimbuko la Ubingwa wa Polo ya Majini ya Wanaume katika Olimpiki

Utangulizi

Tangu mwaka 1908, medali ya dhahabu ya polo ya majini ya wanaume katika Michezo ya Olimpiki haijawahi kuchukuliwa na timu isiyo ya Ulaya. Hata za fedha na shaba, nje ya bara hilo zimefika Marekani tu. Mashindano yenyewe yalianza Paris mwaka 1900, yakichezewa katika Mto Seine. Kwa nini basi, baada ya zaidi ya karne moja, ubingwa ungali mikononi mwa wachache?

Jibu linalosikika mara nyingi ni la kisiasa: mashindano haya husimuliwa kama kioo cha vita na itikadi za Ulaya. Makala haya yanadai kwamba siasa inaeleza vurugu zilizotokea majini, ila haielezi ushindi. Ushindi umezaliwa na taasisi ndogo zenye umri mrefu: bwawa linalotumika mwaka mzima, klabu ya mji, na mwalimu anayerithisha ujuzi wake.

Melbourne na mipaka ya maelezo ya kisiasa

Ushahidi mkuu wa wanaoshikilia siasa ni mchezo wa tarehe 6 Desemba 1956 mjini Melbourne. Hungaria ilikutana na Umoja wa Kisovyeti wiki chache tu baada ya vifaru vya Kisovyeti kuzima uasi wa Budapest. Hungaria ikiongoza 4–0, Valentin Prokopov alimpiga usoni Ervin Zádor, ambaye tayari alikuwa amefunga mabao mawili. Zádor alitoka majini akivuja damu, watazamaji wakapandwa na hasira, na mchezo ukakatishwa kabla ya muda kwisha. Hungaria ilihesabiwa mshindi, kisha ikaifunga Yugoslavia 2–1 na kutwaa dhahabu.

Tukio hilo linastahili kukumbukwa, lakini halitoshi kueleza ubingwa. Hungaria ilikuwa imeshanyakua dhahabu mwaka 1932, 1936 na 1952, kabla ya uasi ule. Uchungu wa nchi yao uliwatia wachezaji ari, na ari peke yake haimfundishi mtu kudaka mpira kwa mkono mmoja huku akikanyaga maji.

Shule ya Budapest

Hungaria haina bahari. Ilichokuwa nacho ni Béla Komjádi, kocha aliyejenga mtindo wa pasi za hewani, mpira ukitoka mkono hadi mkono bila kuangukia maji. Mwaka 1930 likafunguliwa bwawa la taifa katika Kisiwa cha Margit, lililosanifiwa na Alfréd Hajós, bingwa wa kuogelea wa Olimpiki ya 1896. Komjádi alifariki mwaka 1933, na bado miaka mitatu baadaye Hungaria ilishinda tena mjini Berlin. Katika kikosi hicho alikuwemo Olivér Halassy, aliyekatwa mguu chini ya goti tangu utotoni. Kama ubingwa ungekuwa suala la maumbile, mtu huyu asingeitwa hata kwenye majaribio. Aliitwa kwa sababu klabu zilijua kupima ujuzi.

Urithi huo uliendelea. Dezső Gyarmati alipata medali katika Olimpiki tano mfululizo, 1948 hadi 1964, kisha akaifundisha timu iliyoshinda mwaka 1976. Dénes Kemény naye aliiongoza Hungaria kutwaa dhahabu ya 2000, 2004 na 2008. Tawala zilibadilika, mafunzo hayakukatika.

Dola iliyovunjika, shule iliyobaki

Mfano wa Yugoslavia una nguvu zaidi. Ilishinda mwaka 1968, 1984 na 1988, kisha ikasambaratika kwa vita. Kama ushindi ungekuwa zao la dola, ungezikwa pamoja nayo. Badala yake Kroatia ilishinda mwaka 2012, na Serbia ikachukua dhahabu tatu mfululizo, ya mwisho ikiwa ya Paris 2024 kwa kuifunga Kroatia 13–11. Montenegro, yenye watu zaidi kidogo ya 600,000, ilishika nafasi ya nne mara tatu mfululizo, 2008 hadi 2016. Klabu kama Jug ya Dubrovnik, iliyoanzishwa mwaka 1923, zilikuwapo wakati wa ufalme, zikapita ujamaa, na zipo leo. Kocha Ratko Rudić anathibitisha kwamba ujuzi husafiri na mwalimu: alishinda na Yugoslavia mara mbili, na Italia mwaka 1992, na Kroatia mwaka 2012.

Msomaji anaweza kupinga kwa kutaja Umoja wa Kisovyeti, ambao ulishinda mwaka 1972 na 1980 kwa nguvu ya serikali. Ni kweli kwamba fedha za serikali zinaweza kujenga timu. Hata hivyo, Urusi iliyorithi timu hiyo haijapanda jukwaa la washindi tangu 2004. Uingereza nayo, ambako kanuni za mchezo zilitungwa, ilishinda mara nne hadi 1920 na haikupata medali tena. Wala uasisi haurithishi ubingwa.

Funzo kwa Afrika

Misri iliingia mashindanoni mwaka 1948, na Afrika Kusini mwaka 1952. Hapa siasa ilikuwa na uzito wake: ubaguzi wa rangi uliiondoa Afrika Kusini katika Olimpiki tangu 1964 hadi ikarejea 1992. Lakini mlango ulipofunguliwa, pengo la mafunzo lilibaki, na Paris 2024 haikuwa na timu hata moja ya Afrika katika mchezo huu.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki ina waogeleaji hodari tangu enzi, na si Kenya wala Tanzania iliyowahi kucheza mashindano haya. Bahari peke yake haijawahi kuleta medali. Vyama vya michezo vinavyokusanya kikosi miezi michache kabla ya safari vinapaswa kuwekeza kwanza katika ligi za vijana, mabwawa ya umma na ajira ya kudumu ya makocha. Historia ya miaka zaidi ya 120 haionyeshi njia ya mkato, ila inaonyesha kwamba nchi ndogo, maskini wa bahari na iliyotoka vitani inaweza kufika kileleni. Hoja ya kwamba sisi hatuwezi haina ushahidi.