Mtoto wa Casabianca na Nyambizi Isiyongoja

Mjini Bastia, kisiwani Corsica, katika uwanja wa Saint-Nicolas unaoelekea bandarini, kuna ukumbusho wa chuma wenye umbo la mnara wa juu wa nyambizi. Ni kumbukumbu ya nyambizi ya Kifaransa iliyoitwa Casabianca. Sijafika huko, nimeuona pichani tu. Hata hivyo jina hilo nimelibeba tangu ujanani, na nakiri kwamba nililibeba vibaya.

Tulipokuwa chuo cha ualimu tulikaririshwa shairi la Felicia Hemans la mwaka 1826, linalomhusu mwana wa nahodha Casabianca. Manowari L'Orient inateketea katika vita vya Abukir, Misri, mwaka 1798. Mtoto habanduki alipowekwa, akingojea ruhusa ya baba ambaye hana uhai tena wa kuitoa. Miaka mingi nililifundisha sekondari kama kielelezo cha utii. Siku moja msichana wa kidato cha pili aliniuliza: "Mwalimu, kwa nini hakuruka majini?" Nikamwambia aketi.

Sasa turudi kwenye nyambizi. Alfajiri ya tarehe 27 Novemba 1942 Wajerumani waliingia katika bandari ya Toulon. Wanamaji wa Kifaransa walikuwa na amri ya kuzizamisha meli zao wenyewe zisitekwe, na makumi ya meli zikazama palepale gatini. Nyambizi tano zilichomoka. Mojawapo ilikuwa Casabianca, chini ya Jean L'Herminier, ambayo ilifika Algiers tarehe 30.

Kutoka Algiers, kuanzia Desemba, ilirudi tena na tena kwa siri Corsica, kisiwa kilichokuwa mikononi mwa majeshi ya Italia. Ilishusha wapelelezi, mitambo ya redio na silaha za wapiganaji wa upinzani. L'Herminier alikuwa na mbinu ya kuilaza nyambizi juu ya mchanga wa kilindi karibu na ufuko mchana kutwa, mabaharia wakinyamaza, hadi giza liingie. Ndipo mashua ndogo zilipopiga makasia kuelekea nchi kavu. Wenyeji waliozipokea silaha hizo walizificha vichakani. (Neno *maquis*, ambalo Wafaransa waliwaitia wapiganaji hao, asili yake ni jina la vichaka vya Corsica. Nasi husema mtu "ameingia msituni", na hakuna anayedhani amekwenda kutafuta kuni.) Septemba 1943 wapiganaji hao walipoinuka, Casabianca iliwafikishia Ajaccio askari 109, waliobanana ndani yake kama dagaa. Tarehe 4 Oktoba kisiwa kizima kilikuwa huru.

Nahodha wa Abukir alikuwa mtu wa Corsica. Jina lake, basi, lilirudi nyumbani likiwa limeandikwa ubavuni mwa chombo ambacho hakikukubali kufa kwa kungoja. Hilo sikuliona miaka yote niliyosimama mbele ya darasa nikisifu miguu ya mtoto isiyosogea. L'Herminier mwenyewe alikatwa miguu yote miwili kwa sababu ya maradhi, akafariki mwaka 1953.

Lau ningepewa kipindi kimoja tena, ningelifundisha shairi lile pamoja na picha ya ukumbusho wa Bastia, na swali la yule msichana ningeliandika ubaoni kabla ya kufungua kitabu.