Bibi Titi Mohamed

Bibi Titi Mohamed (Dar es Salaam, Juni 1926 – Johannesburg, 5 Novemba 2000) alikuwa mwanasiasa wa Tanganyika, mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika (UWT) na waziri mdogo wa Maendeleo ya Jamii katika serikali ya Julius Nyerere.

Alizaliwa katika familia ya Kiislamu, akasoma shule ya msingi tu na kuozwa angali kigori. Mjini alijulikana kabla ya siasa: akisoma maulidi, na akiongoza uimbaji katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Wasimulizi wengi hulipita hili haraka, ilhali ndilo linaloeleza yaliyofuata. Kikundi cha ngoma kilikuwa na viongozi wake, sare zake na desturi ya kuzikana na kualikana harusini. Aliyewapata viongozi hao alikuwa ameipata mitaa.

Alijiunga na TANU, chama kilichopigania uhuru, mwaka 1954 pamoja na mumewe, Boi Selemani. Kadi yake ilikuwa namba 16. Mwaka uliofuata John Hatch, wa chama cha Labour cha Uingereza, alifika Dar es Salaam na kuuliza tawi la wanawake liko wapi. Swali liliwaaibisha wanaume wa ofisi ya New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, kwa kuwa wake zao walikuwa majumbani. Titi ndiye aliyesimamishwa. Yeye aliwaendea wakuu wa ngoma, nao wakawaleta watu wao. Katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wameshakata kadi. Watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na TANU, hivyo mke wa karani alikuwa huru kuliko mumewe. Wapo walioficha kadi hata waume zao wasijue.

Baada ya uhuru aliingia bungeni na serikalini, na mwaka 1962 akapewa UWT. Kilele hicho hakikudumu. Katika uchaguzi wa 1965 aliangushwa Rufiji. Mwaka 1967 Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa, likamkataza kiongozi kupangisha nyumba, naye akajiuzulu Kamati Kuu ya TANU. Wengine waliona msimamo wake huo ni ubepari. Lakini kwa mwanamke wa Dar es Salaam asiye na cheti, vyumba vya wapangaji ndivyo vilivyokuwa akiba, na kumtaka aviache ni tofauti na kumtaka msomi aache hisa.

Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na waziri wa zamani Michael Kamaliza na maofisa wa jeshi, kwa tuhuma za kutaka kuipindua serikali. Miongoni mwa washtakiwa wa kesi hiyo ya uhaini, iliyosikilizwa mwaka 1970 mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges, mwanamke alikuwa yeye peke yake. Alikana mashtaka, akahukumiwa kifungo cha maisha. Akiwa gerezani mumewe alimpa talaka. Nyerere alimwachilia mwaka 1972, naye akaishi kimya kwa miaka mingi.

Mtaa wa UWT ulikuja kupewa jina lake. Unapita upande mmoja wa viwanja vya Mnazi Mmoja, na Lumumba upande wa pili. Anayetoka Posta kwenda Kariakoo kwa miguu huivuka yote miwili.