Tuta la Neva

Mwaka 2003 Richard Schneider na Jill Helms wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwaonesha wanabiolojia wenzao viinitete vya kware vilivyoota midomo mipana ya bata, na viinitete vya bata vyenye midomo mifupi iliyochongoka ya kware. Mdomo wenyewe haukuguswa. Siku ya upasuaji ulikuwa bado haujaanza kuota. Kilichohamishwa kutoka yai hadi yai ni seli chache zilizokaa juu ya ubongo mchanga. Seli hizo ziliposhuka usoni zilijenga umbo la kwao, tena kwa kasi ya kwao: kware huanguliwa kwa siku 17 hivi, bata kwa siku 28, na seli za kware ndani ya bata ziliendelea kufuata saa ya kware.

Mahali seli hizi zinapozaliwa Waingereza hupaita kishungi, na Wafaransa hali kadhalika. Kwa Kiswahili jina linalofaa ni tuta la neva, na sababu zake zinaonekana mtu akifuatilia jinsi kiinitete kinavyojikunja.

Katika wiki ya tatu ya mimba, mgongo wa kiinitete cha binadamu ni bamba la seli. Kingo mbili za bamba hilo huinuka, bonde likazama katikati. Kisha kingo huelekeana, hukutana na kushikana, na bonde likawa mrija. Sehemu ya mbele ya mrija itakuwa ubongo, ya nyuma itakuwa ugwe wa neva unaopita ndani ya uti wa mgongo. Juu ya mshono huo, pale bamba lilipopakana na ngozi, ndipo lilipo tuta. Seli zake hujinasua na kuhama. Zikienda tumboni huwa neva za utumbo. Zikienda karibu na figo huwa sehemu ya ndani ya tezi za adrenali. Zikienda ngozini huwa melanosaiti, seli zinazotengeneza rangi. (Mtu mwenye ualbino kwa kawaida anazo melanosaiti: zimefika salama, ila hazitengenezi melanini ya kutosha.) Zile za kichwani hujenga gegedu, mifupa ya uso, taya na dentini ya meno.

Mkulima wa viazi vitamu huinua tuta kwa kukusanya udongo wa pande mbili, na anachokitaka si tuta bali mmea utakaotambaa kutoka humo. Ndiyo hali ya seli hizi. Kishungi kina tatizo lake: utafiti mwingi umefanywa kwa vifaranga, na msomaji akiambiwa kishungi cha kifaranga atafikiria manyoya ya utosini. Ukingo wa neva lingekuwa sahihi kwa mahali, lakini seli za ukingo zinasikika karibu sawa na seli za kinga, na wodini mkanganyiko huo si wa kuchezewa.

Wilhelm His wa Basel aliuona ukanda huu katika kiinitete cha kuku mwaka 1868. Kilichochelewa ni kukubali kazi ya ukanda huo. Enzi hizo ilikuwa kama sheria kwamba gegedu na mifupa hutoka tabaka la kati la kiinitete, na tabaka la nje hutoa ngozi na neva tu. Mmarekani Julia Platt, katika miaka ya 1890, alichunguza viinitete vya amfibia akaandika kwamba gegedu za taya hutoka tabaka la nje. Wakubwa wa fani walimpinga. Alipata shahada ya uzamivu Freiburg mwaka 1898, lakini hakupata kazi ya chuo kikuu; akahamia Pacific Grove, California, ambako mwaka 1931 alichaguliwa kuwa meya. Biolojia ilimpoteza mtu aliyekuwa sahihi, na yapasa jina lake litajwe kila tuta la neva linapofundishwa.

Kwa upande wa ndege, ushahidi mzito uliletwa na Nicole Le Douarin, Mfaransa aliyezaliwa Lorient mwaka 1930. Alikuwa akichunguza ini linavyoumbika, akichanganya tishu za kuku na za kware wa Kijapani, jamii ileile ya kware waliovuma kwa wafugaji wa Kenya mwaka 2013. Chini ya hadubini aliona kwamba katika kiini cha seli ya kware DNA imejikusanya donge zito, ilhali ya kuku imetawanyika. Tofauti hiyo haifutiki seli inapogawanyika wala inapohama. Aliichapisha mwaka 1969, na tangu hapo seli ya kware ndani ya kuku ilitambulika popote ilipokwenda.

Rangi za kupaka, ambazo watangulizi wake walizitegemea, hufifia kadiri seli zinavyozaana. Alama hii haififii. Le Douarin na wenzake walikata kipande cha tuta la kuku, wakapandikiza cha kware cha umri uleule mahali palepale, wakaziba yai, wakasubiri. Vifaranga weupe wakaanguliwa na mabawa yenye manyoya ya rangi ya kware. Kipande kwa kipande, kutoka kichwani kwenda mkiani, wakachora ramani ya kila sehemu ya tuta na viungo inavyovizaa.

Kisha likaja swali la ubongo. William DeMyer, daktari wa neva wa Marekani, alieleza na wenzake mwaka 1964 kwamba kasoro za katikati ya uso wa mtoto, kama macho yaliyokaribiana mno, huashiria kuwa ubongo wa mbele haukugawanyika sawasawa. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba amri zote hutoka ubongoni kwenda usoni. Mwaka 2004 Sophie Creuzet, Le Douarin na wenzao waliripoti jaribio la kuliondoa tuta la kichwani katika kiinitete cha kuku. Mifupa ya uso haikuota. Na ubongo wa mbele, ambao kisu hakikuugusa, nao ukashindwa kukua. Walipoweka shanga ndogo zilizoloweshwa protini iitwayo FGF8, uso na ubongo vikaanza tena kuumbika kwa kiasi. Kumbe ubongo hutuma ishara usoni, na seli zitakazokuwa uso nazo huulea ubongo.

Istilahi hizi zina kazi hospitalini. Kiswahili tayari kina mgongo wazi, jina zuri kabisa, kwa kuwa linasema kilichotokea: mrija wa neva haukufungwa. Mdomo sungura halina sifa hiyo. Linamfananisha mtoto na mnyama wala halimwelezi mama chochote, wakati mpasuko wa mdomo lingemweleza kwamba vijisehemu vya uso, vilivyojazwa na seli za tuta, havikuungana katika miezi miwili ya mwanzo ya mimba.

Upo pia ugonjwa wa Hirschsprung. Mtoto mchanga hapati choo siku zake za kwanza, tumbo linavimba. Seli za tuta zilizoanzia karibu na shingo zilipaswa kuteremka utumbo mzima hadi njia ya haja kubwa. Ziliishia njiani, na kipande cha mwisho kikakosa neva. Daktari wa upasuaji hukiondoa kipande hicho na kuushusha utumbo wenye neva hadi chini. Mzazi akiambiwa kwamba seli za tuta la neva hazikufika mwisho, ameelezwa chanzo cha ugonjwa na kwa nini kipande kile lazima kikatwe.