Urembo wa Jikoni: Nazi, Maua na Masizi katika Mwambao wa Waswahili

Urembo wa wanawake wa mwambao, kuanzia Lamu hadi Kilwa pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba, ulitengenezwa kwa karne nyingi kwa vitu vilevile vya jikoni na uani. Nazi iliyokunwa kwa ajili ya mchuzi ndiyo iliyotoa mafuta ya nywele. Karafuu na manjano yalitoka kwenye kinu yakaenda mwilini, na masizi ya taa yakaishia machoni. Wageni walioandika habari za pwani walivutiwa zaidi na vitu vya thamani vilivyoletwa na majahazi: udi, miski na marashi ya mawaridi. Vitu hivyo vilikuwa vichache na ghali. Vilienea hadi kwenye nyumba za makuti kwa sababu wanawake walijua kuchanganya kidogo cha kununua na kingi cha kuchuma, na ujuzi huo ndio ulioubeba urembo wa pwani.

Kujipamba huko ni kwa kale. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua vijiti vyembamba vya shaba vya kutilia wanja katika magofu ya miji kama Shanga na Kilwa. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, anasimulia kwamba alipofika Mogadishu aliletewa tambuu na popoo, kisha akamiminiwa marashi ya mawaridi yaliyotoka Dameski. Mgeni wa heshima alistahili marashi ya ng'ambo. Matumizi ya kila siku yalikuwa na chanzo cha karibu zaidi, nao ni mnazi.

Nazi kavu ilifuliwa, ikavunjwa na kukunwa kwa mbuzi, kisha ikakamuliwa katika kifumbu. Tui la kwanza, lile zito, ndilo lililofaa kwa mafuta. Liliachwa usiku kucha mpaka utando wake mzito ukapanda juu, ukaenguliwa na kuchemshwa kwa moto wa polepole hadi mafuta yakajitenga na mashata yakageuka rangi ya kahawia chini ya chungu. Kazi hii inataka subira: moto ukizidi, mashata huungua na mafuta hunuka moshi, na harufu hiyo haiondoki hata yakitiwa maua. Mafuta yaliyotoka vizuri yalitiliwa asumini, langilangi au mawaridi yangali na vuguvugu, yakafunikwa, na baada ya siku chache yakachujwa. Hayo ndiyo yaliyopakwa nywele kabla ya kusukwa na ngozi baada ya kuoga, na kwa hayo watoto wachanga walikandwa.

Kilichobaki hakikutupwa. Mashata yaliliwa. Machicha yalipewa kuku, na mengine yakasugulia miguu na vyombo. Makumbi yalifukiwa katika mchanga wa pwani kwa miezi, yakafukuliwa na kupondwa yakawa usumba wa kusokotea kamba. Kipande cha usumba kilitosha kusugua sufuria. Kifuu kikawa kata ya kuchotea maji ya kuoga, na kikipasuka kilitiwa motoni, maana makaa yake ni makali na hayana moshi mwingi. Kwa kusugua mwili palikuwa na dodoki, tunda la mtambaazi wa uani ambalo likikauka hubaki nyuzi tupu.

Katika yote yaliyotengenezwa majumbani, singo ndiyo yenye ufundi mkubwa zaidi. Maua yalichumwa kwa msimu wake, mawaridi, asumini, vilua, mkadi na langilangi, yakaanikwa kivulini, si juani, ili harufu isiruke. Yakatwangwa pamoja na karafuu, liwa na majani ya mrehani, na unga wake ukachanganywa na marashi. Kila nyumba ilikuwa na vipimo vyake, na mama hakumpa mtu asiye wa nyumbani kwake. Bibi harusi alisingwa kwa siku kadhaa kabla ya kutolewa: mwili mzima ulipakwa, ukasuguliwa, na taka zikadondoka mkekani. Marashi na liwa ndivyo vilivyohitaji fedha. Vilivyosalia vilitoka uani, au kwa jirani mwenye mti wa langilangi, ambaye naye angehitaji kitu siku ya pili. Maua mabichi yaliyozidi yalifungwa pamoja na mrehani yakawa kikuba, kilichochomekwa kwenye nywele au kubanwa kwenye nguo kifuani. Kikuba hakidumu zaidi ya siku moja, na kwa hivyo hakikupata kuwa bidhaa ya kuwekwa dukani. Mpaka leo lazima kifungwe siku hiyohiyo na mikono inayojua.

Liwa lenyewe ni mti wa harufu ulioletwa kutoka Bukini, yaani Madagaska. Kipande kimoja kilikaa nyumbani miaka. Kilisagwa juu ya jiwe kwa maji kidogo, ikapatikana rojo ya kupaka usoni au kwenye harara za joto, kisha kikafutwa na kurudishwa sandukuni. Dalia, ule unga wa manjano wa kupaka mwilini, ilipatikana kwa urahisi zaidi. Hina ilikuwa ya bei ya chini kuliko vyote: mhina ulipandwa kando ya nyumba, majani yakakaushwa, yakatwangwa, yakachekechwa kwa kitambaa na kukandwa kwa maji ya ndimu. Viganja na nyayo vilifungwa usiku kucha, na asubuhi rangi ilikuwa imeshika.

Wanja ulikuwa wa namna mbili, na tofauti yake ina uzito. Wanja wa manga ulitoka Arabuni. Ni jiwe lililosagwa, na mara nyingi jiwe hilo lina risasi. Mwingine ulitengenezwa nyumbani kwa kukinga moshi wa utambi wa mafuta chini ya chombo cha udongo, kisha masizi yakakwanguliwa na kuchanganywa na tone la samli au mafuta. Wa manga ulithaminiwa kwa sababu ulinunuliwa. Sayansi ya leo iko upande wa ule wa kukwangua, kwa kuwa risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na watoto wachanga ndio waliopakwa wanja kwa wingi.

Kufukiza nako kulikuwa na njia zake za uwekevu. Udi halisi ni ghali, kwa hiyo vipande vyake vilipondwa vikapikwa na sukari na marashi mpaka vikashikana, vikakatwa vidonge vya kutosha mwezi. Chetezo cha kununua hakikuwa cha lazima. Chungu kilichovunjika kilitoa gae, na gae lilibeba makaa mawili matatu ya kifuu. Nguo zilitandazwa juu ya tenga, moshi ukapita chini yake, na harufu ikakaa hata baada ya kufuliwa.

Elimu ya mambo haya ilikuwa mikononi mwa nani? Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na baadaye kujulikana kama Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 jinsi manukato yalivyotumika kwa wingi katika majumba ya baba yake, Sultani Sayyid Said. Waliotwanga, kuchuja na kufukiza katika majumba hayo walikuwa zaidi wajakazi, watu waliotekwa bara au wazaliwa wa watu hao. Jambo hili husahauliwa mara kwa mara urembo wa pwani unapoelezwa kama urithi wa Arabuni au wa India. Viungo vingi vilipita baharini, lakini mikono iliyojifunza kiasi, moto na muda ilikuwa ya wanawake wa Kiafrika, na walipotoka katika majumba hayo walitoka na elimu yao. Walioifundisha kwa mpango maalumu walikuwa kungwi na somo, katika unyago na katika siku za kumtayarisha bibi harusi. Sehemu kubwa ya desturi za Bagamoyo na mrima ilihifadhiwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari katika Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitayarisha pamoja na Mjerumani Carl Velten, kilichochapishwa mwaka 1903.

Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, waliokuwa watumwa walianza kuvaa na kujipamba kwa namna ambayo zamani walikatazwa. Kanga, iliyoanza kuenea katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, ikachukua nafasi ya kaniki na merikani, nguo zilizomtambulisha mtu wa chini. Doti moja ilikuwa na maisha marefu. Ikiwa mpya ilivaliwa harusini. Ikififia ikawa ya nyumbani. Baadaye ikawa mbeleko, ikachanwa winda za mtoto, na mwishowe ikawa ngata kichwani au kitambaa cha kuepulia sufuria. Kwa mwanamke aliyeachwa huru bila shamba wala nyumba, kikuba cha maua ya kuchuma na mafuta ya kupika mwenyewe vilimwezesha kusimama harusini sawa na mwenzake wa ukoo mkubwa. Siasa ya heshima ilipita hapo, kwenye maua na nguo, kabla ya kufika kwenye vyama vya siasa.

Karne ya 20 ilileta vyombo vipya vya kutumia upya. Mafuta ya taa yaliingia Afrika Mashariki katika madebe ya bati, na debe tupu likawa chombo cha maji, kipimo cha nafaka na, likikunjuliwa, kipande cha paa. Makopo madogo yalitengenezwa kuwa koroboi, na masizi ya koroboi yakaingia katika historia ya wanja. Chupa za soda na za dawa zikawa chupa za mafuta ya nazi sokoni. Nchini Kenya makopo ya mafuta ya kupikia ya Kasuku yalizoeleka hata kasuku ikawa jina la kipimo chenyewe.

Mambo yaligeuka pale vipodozi vya viwandani vilipofika madukani na kuahidi weupe. Nchini Tanzania, mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa chama tawala cha TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Januari 1969, ikipiga vita sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na mafuta ya kujichubua. Mjadala wake magazetini ulikuwa mkali, na vijana wa kike walisumbuliwa mitaani kwa jina la utamaduni. Ilikuwa operesheni ya kukataza. Maarifa ya kina mama waliokuwa bado wanatwanga liwa hayakuchukuliwa kuwa jambo la kufundishwa.

Miaka michache baadaye maarifa hayo yalihitajika kwa nguvu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda na kuporomoka kwa akiba ya fedha za kigeni, sabuni, dawa ya meno na mafuta ya kupaka viliadimika Tanzania. Mwaka 1983 serikali iliendesha msako wa wahujumu uchumi, na wenye shehena za sabuni walizificha au kuzitupa. Watu walifua kwa majani ya mpapai, ambayo yakisuguliwa hutoa povu jepesi. Walipiga mswaki kwa mkaa uliosagwa na chumvi. Kigoma iliendelea kutoa sabuni ya mawese. Pwani, mbuzi ya kukunia nazi ilirudi kazini kwa ajili ya mafuta ya mwili. Familia zilizokuwa na bibi hai zilipata nafuu kuliko zile zilizokwishazoea kopo la dukani. Masharti ya uagizaji yalipolegezwa kuanzia mwaka 1984, bidhaa zilirudi, na wengi waliacha tena kupika mafuta.

Hapo ndipo desturi ya kujitengenezea ilipopata sura mbaya. Mkorogo nao ni wa nyumbani: krimu mbili tatu, mara nyingine na vitu vikali vya kusafishia, hukorogwa katika kopo ili kuichubua ngozi. Anayekoroga hajui kilichomo ndani ya krimu, iwe zebaki, hidrokwinoni au steroidi, na hakuna aliyemtangulia wa kumwonya, kwa kuwa vitu hivyo havikupitia vizazi vya majaribio kama singo ilivyopitia. Zebaki huharibu figo. Piko, rangi ya nywele ya kiwandani iliyoanza kutumiwa kuchorea maua mikononi badala ya hina, ina kemikali inayoweza kuunguza ngozi na kuacha makovu. Tanzania ilitunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi mwaka 2003, na mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi ukahamishiwa Shirika la Viwango Tanzania. Marufuku ya krimu za namna hiyo imepunguza yanayoonekana kwenye rafu. Kopo la mkorogo chumbani halifikiwi na mkaguzi.

Upande mwingine, ufundi wa zamani umepata soko. Pemba kuna kiwanda huko Wawi kinachokamua mafuta kutokana na makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, na mafuta hayo huingia katika sabuni na dawa za kuchua. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Bei ya mwani mkavu ni ndogo mno kwa kazi ya kuinama majini saa nyingi. Ndiyo sababu vikundi vya wanawake vimeanza kuusaga mwani na kuutia katika sabuni ya mafuta ya nazi, pamoja na mafuta ya karafuu, mdalasini au mchaichai. Kipande kimoja cha sabuni kina faida zaidi kuliko kilo ya mwani mkavu. Wateja wakubwa ni watalii, nao hununua kwa bei ambayo majirani wa mtengenezaji hawaiwezi. Singo ya kutwanga, udi wa kupika na mafuta ya nazi yaliyotiwa asumini bado huuzwa katika soko la Darajani, Unguja, katika chupa na makopo yaliyokwisha kutumika, kwa bei ya watu wa mjini, na kuelekea Ramadhani na misimu ya harusi huagizwa mapema kwa wanawake wanaojulikana kwa mkono wao.