Sheria za Migodi na Misiba Iliyozitangulia

Twapenda kukumbusha jinsi Serikali ya Uingereza ilivyoanza kuwalinda wachimbaji wa makaa ya mawe. Mwaka 1838 watoto 26 walikufa maji katika mgodi wa Huskar; mwaka 1842 sheria ikawakataza wanawake wote, na wavulana wasiotimiza miaka 10, kufanya kazi chini ya ardhi. Mwaka 1850 wakaguzi wakapewa idhini ya kushuka migodini. Lakini Januari 1862, huko Hartley, boriti ya mtambo wa kuvuta maji ilivunjika ikaziba shimo la pekee la kutokea. Watu 204 wakafa. Mwaka ule ule sheria ikaamuru njia mbili. Basi hatari tuionayo kazini tuitaje mapema, tusingoje matanga yatusemee.